Qiu Chuji na Hati ya Khan

Katika majira ya baridi ya mwaka 1219, mjumbe wa Genghis Khan alifika Laizhou, kwenye rasi ya Shandong mashariki mwa China, akifuatana na wapanda farasi 20 wa Kimongolia. Alibeba kibao cha dhahabu chenye kichwa cha simbamarara, ishara kwamba amri yake ni amri ya khan mwenyewe. Hakuja kudai kodi wala kukusanya askari. Alikuwa akimtafuta mtawa mmoja wa Kidao, Qiu Chuji, aliyezaliwa mwaka 1148 na ambaye sasa alikuwa amevuka miaka 70.

Mtawa huyo alikuwa ameshaitwa na wafalme wengine wawili. Nasaba ya Jin iliyotawala kaskazini ilimwita mwaka 1216. Nasaba ya Song ya kusini ilimwita mwaka uleule wa 1219. Zote mbili alizikatalia. Wito wa tatu ndio uliotoka mbali zaidi, tena kwa mtu aliyeogopwa kuliko wote, na huo ndio alioukubali. Akafunga safari ya miaka mitatu na zaidi, kwenda na kurudi, hadi milima ya Afghanistan.

Nchini China sifa yake kubwa imebaki moja: kwamba alizuia mauaji kwa neno moja. Nimeishi na maandishi ya safari hiyo kwa muda mrefu, na kadiri ninavyoyarudia ndivyo ninavyoamini kwamba sifa hiyo imepotosha kazi yake. Neno la Qiu halikuuzuia upanga wa khan. Watu waliookoka waliokolewa na karatasi yenye muhuri, na karatasi hiyohiyo ndiyo iliyokuja kuwaponza warithi wake. Mwenye kutaka kujua kiongozi wa dini hupata nini anapoketi na mwenye enzi, na hulipa nini, atapata mifano michache iliyo wazi kama huu.

Tuanze na hali aliyozaliwa ndani yake. Miaka 21 tu kabla ya kuzaliwa kwake, mji mkuu wa Song, Kaifeng, ulikuwa umetekwa na Wajurchen, waanzilishi wa nasaba ya Jin. Mfalme Huizong alichukuliwa mateka na kufia uhamishoni mwaka 1135. Huizong alikuwa mfuasi mkubwa wa Udao. Kuhani wake kipenzi, Lin Lingsu, alimwambia kwamba yeye mfalme ni mwana mkubwa wa Mfalme wa Jade, bwana wa mbinguni aliyeshuka duniani kutawala. Mwaka 1117 Huizong akajitwalia cheo cha kuwa mkuu wa dini, na miaka miwili baadaye akaamuru watawa wa Kibudha wavae na kuitwa kwa namna ya Wadao. Lin hakudumu, alifukuzwa kabla enzi haijaanguka. Lakini Udao wa kasri, wa kumpamba mfalme na kumwambia anachopenda kusikia, ulikuwa umepata doa ambalo kizazi cha Qiu kilikua kikiliona.

Madhehebu aliyojiunga nayo akiwa kijana, Quanzhen, yalichukua njia nyingine kabisa. Mwanzilishi wake, Wang Chongyang, aliwahi kujichimbia kaburi na kuishi ndani yake miaka kadhaa. Mwaka 1167 alikwenda Shandong, akapata wanafunzi saba ambao majina yao Wadao wanayataja hadi leo, mmoja wao mwanamke, Sun Bu'er. Walitakiwa kuacha ndoa, kuomba chakula mlango kwa mlango, kulala kidogo, na kutafuta uzima ndani ya nafsi badala ya kupika madini kwenye tanuri. Wang alipofariki mwaka 1170, Qiu alikwenda Panxi, huko Shaanxi, akakaa miaka sita pangoni. Watu walimwita bwana wa joho la majani, kwa sababu vazi lake lilikuwa lile la nyasi ambalo wakulima huvaa kukinga mvua. Kisha akahamia mlima Longmen na kukaa miaka mingine saba.

 Mwaka 1188 mfalme Shizong wa Jin alimwita Zhongdu, yaani Beijing ya leo. Shizong alikuwa mzee na mwili wake ulikuwa umechoka, na alitaka kujua namna ya kuulinda. Mwanzoni mwa 1189 akafariki. Mwaka 1190 mrithi wake alipiga marufuku Quanzhen, kwa hofu ya vikundi vya dini vilivyoenea vijijini bila ruhusa. Qiu akarudi Shandong. Katika miaka miwili alikuwa ameonja mambo yote mawili: kualikwa kasri na kupigwa marufuku, na mikono iliyofanya hayo ni ya ukoo mmoja.

Sasa angalia kilichotokea mwaka 1214. Uasi ulilipuka Shandong, na jenerali wa Jin aliyetumwa kuuzima, Pusan Anzhen, alishindwa kuzituliza wilaya za Dengzhou na Ninghai kwa nguvu peke yake. Akamwomba Qiu azungumze na watu. Qiu akazungumza, nao wakaweka silaha chini. Kwangu mimi tukio hili ndilo ufunguo wa yote yaliyofuata. Wafalme watatu hawakumgombea mtawa mzee kwa sababu ya hekima yake tu. Walimgombea kwa sababu palikuwa na jimbo zima lililomsikiliza yeye kuliko lilivyomsikiliza gavana. Nguvu aliyokwenda nayo kwa khan alikuwa ameipata kwa wakulima, kwa miaka arobaini ya kuishi kama wanavyoishi wao.

Kwa nini basi alimkubali Genghis? Sidhani jibu ni gumu sana. Jin ilikuwa inaporomoka na Song ilikuwa mbali, haina uwezo wa kuilinda Shandong. Wamongolia ndio waliokuwa wanakuja. Kuwakatalia kungewapa watu wake adui, na kuwakubali kungempa walau nafasi ya kusema.

Hata hivyo hakwenda kama mtu aliyenunuliwa. Mjumbe, Liu Wen, alikusudia kuwapeleka katika msafara uleule wasichana waliokusanywa kwa ajili ya khan. Qiu alikataa katakata. Alikumbusha kwamba Confucius mwenyewe aliondoka nchi ya Lu kwa sababu ya wanawake wa kuimba waliopelekwa kwa mtawala, na akauliza itakuwaje yeye, ingawa ni mtu wa milimani, asafiri pamoja na wasichana hao. Alipofika Beijing na kusikia kwamba khan amezidi kwenda magharibi, aliandika barua kuomba amsubiri hukohuko kwa sababu ya uzee. Khan akajibu kwa heshima, lakini jibu lilikuwa lilelile: njoo.

Kijana mmoja kati ya wanafunzi 18 waliofuatana naye, Li Zhichang, aliandika kumbukumbu ya safari. Ni miongoni mwa maandishi mazuri kabisa ya safari za zama zile, na nitamrudia mwandishi wake. Kupitia maandishi yake tunawaona wakivuka nyika ya Mongolia, wakimtembelea Temüge, ndugu mdogo wa khan, wakiacha wenzao tisa njiani wajenge monasteri, wakimzika mmoja wao, Zhao Daojian, huko Sairam. Mwishoni mwa 1221 wakaingia Samarkand, mji ambao Wamongolia walikuwa wameuteka mwaka mmoja tu kabla. Li anaandika kwamba kabla ya vita ulikuwa na kaya zaidi ya 100,000, na kwamba iliyobaki ilikuwa robo. Qiu alipewa makazi katika kasri jipya la sultani wa Khwarezm, juu ya kilima, mahali ambapo wengine waliogopa kukaa kwa sababu ya wanyang'anyi wenye njaa. Posho ya nafaka aliyopewa kwa amri ya khan ilimzidi, na kilichobaki akaagiza kipikwe uji wa kuwagawia wakulima wenye njaa. Waliokula uji huo walikuwa Waislamu wa Samarkand, raia wa mji ulioshindwa. Mwenyeji wa mtawa alikuwa ndiye aliyewashinda. Sijui picha inayoonyesha ugumu wa nafasi yake vizuri kuliko hiyo: anakula mkate wa mshindi, na kwa mkate huohuo anawalisha walioshindwa.

Mwezi Mei 1222 Qiu na khan wakakutana, katika kambi chini ya milima ya Hindu Kush. Wadao hawakuwa na desturi ya kumpigia mfalme magoti. Waliingia hemani, wakainama kidogo na kukutanisha mikono, basi. Khan alifurahi kwamba mtu aliyewakataa wafalme wengine amekuja kwake. Akampa kiti na chakula, kisha akauliza lile alilomwitia: umekuja kutoka mbali, una dawa gani ya kuishi milele?

Swali hilo lilikuwa limeua watu. Katika nasaba ya Tang wafalme kadhaa walikunywa dawa za uzima wa milele zilizotengenezwa kwa zebaki na madini mengine, na Wuzong, aliyewapenda sana makuhani wa Kidao, alifariki mwaka 846 akiwa kijana wa miaka 31. Liu Wen, kwa mujibu wa mmoja wa watu wa kasri, alikuwa amemwambia khan kwamba Qiu ana miaka 300. Njia rahisi ilikuwa kukubali, au walau kukaa kimya kwa namna ya mtu anayejua siri. Qiu akajibu kwamba ziko njia za kuulinda uhai, lakini dawa ya kutokufa haipo. Khan akamsifu kwa ukweli wake, akaagiza apigiwe mahema mawili karibu na lake.

Hapa Qiu alifanya jambo la kisiasa zito kuliko linavyoonekana. Anayemuuzia mfalme dawa atapimwa kwa dawa hiyo, na siku itakaposhindwa kichwa chake kitakuwa rehani. Kwa kusema hana, aliondoa bidhaa mezani akabaki na ushauri. Mfalme angeweza kuukubali au kuuacha, lakini asingeweza kusema ametapeliwa.

Ushauri wenyewe ulitolewa vuli ya mwaka ule, Yelü Ahai, gavana wa Samarkand, akitafsiri kwa Kimongolia. Khan aliamuru maneno yaandikwe, na maandishi hayo tunayo, yakihusishwa kwa desturi na Yelü Chucai, mshauri wa khan mwenye asili ya Kikhitani. Msomaji anayetarajia hotuba ndefu dhidi ya vita atashangaa. Sehemu kubwa inahusu mwili wa khan: apunguze tamaa, alale peke yake kwa mwezi mmoja aone nguvu zitakavyorudi, usiku mmoja wa kulala peke yako una faida kuliko dawa za siku elfu. Kisha inakuja hoja ya utawala. Mbingu hupenda uhai. Ardhi ya China kaskazini ina mazao na hariri kuliko nchi nyingine, basi apelekwe huko mtu mwenye uwezo, na watu wasamehewe kodi miaka mitatu wapate kupumua.

Khan alisikiliza kwa makini, hilo sina shaka nalo. Lakini tupime kwa matendo. Mkutano wa kwanza ulikuwa Mei 1222. Mwezi uliofuata, Herat, mji uliokuwa umeasi, ulitekwa tena na jeshi la Mongolia na watu wake wakachinjwa. Msamaha wa kodi wa miaka mitatu kwa China kaskazini haukutolewa. Mwaka 1227 dola ya Xi Xia ilifutwa, na watu wa mji wake mkuu wakauawa baada ya kujisalimisha. Kuna tukio moja tu ambalo tunaweza kulipima. Mapema 1223 khan alianguka kutoka kwenye farasi akimwinda nguruwe mwitu, na nguruwe akasimama bila kumrukia. Qiu alimwambia kwamba hilo ni onyo, apunguze kuwinda katika umri wake. Khan alikubali kwamba ni kweli, akasema Wamongolia wamezoea upinde na farasi tangu utotoni na si rahisi kuacha. Akakaa miezi miwili bila kuwinda. Hayo ndiyo mabadiliko ya tabia ya Genghis Khan ambayo mwandishi aliyempenda Qiu aliweza kuyaandika.

Walipoagana mwaka 1223, khan alitaka kumpa ng'ombe na farasi. Qiu alikataa, akasema farasi wa posta wanamtosha. Alichokipokea ni hati. Ilisema kwamba wanafunzi wa Qiu wasamehewe kodi na kazi za lazima, kubwa na ndogo. Ilitaja sababu: wao husoma vitabu vitakatifu kila siku na kumwombea mfalme maisha marefu. Ikaonya pia kwamba mtu atakayejifanya mtawa ili kukwepa kodi ataadhibiwa. Amri nyingine ya mwaka huo ilimpa Qiu mamlaka juu ya wote walioacha nyumba zao kwa ajili ya dini.

Msamaha wa namna hii ulikuja kuwa sera ya dola. Amri za Mongolia za miaka ya baadaye huwataja pamoja watawa wa Kibudha, makasisi wa Kikristo, Wadao na maulamaa wa Kiislamu, wote wakisamehewa kodi kwa masharti ya kuomba dua kwa ajili ya khan. Lakini mwaka 1223, China kaskazini, hati ya Qiu ilikuwa na thamani ambayo leo ni vigumu kuifikiria. Wanaume walikuwa wakikamatwa kubeba mizigo ya jeshi na kusukumwa mbele kwenye kuta za miji. Familia ziligawanywa kama nyara. Mtu aliyepokea cheti cha utawa kutoka kwa Qiu alitoka katika orodha hiyo. Historia rasmi ya nasaba ya Yuan, iliyokamilishwa mwaka 1370, inasema kwamba kwa njia hiyo watumwa waliorudishiwa uhuru na waliokuwa ukingoni mwa kifo wakaokoka walifika 20,000 au 30,000. Ndiyo maana nasema karatasi. Ushauri ulibaki hemani. Hati ilifika kijijini, ikasomwa mbele ya askari ambaye hakuwahi kumsikia Laozi, mwalimu wa kwanza wa Udao, na ikamfanya amwachilie mtu aliyemfunga kamba.

Swali la haki linabaki, na Yelü Chucai ndiye aliyeliuliza. Mtu huyu alikuwa mfuasi wa Ubudha, na baada ya safari aliandika kitabu kumshutumu Qiu. Anadai kwamba khan alipokuwa tayari kuwasamehe kodi watu wa dini, Qiu aliomba kwa ajili ya Wadao peke yao. Anadai kwamba Wadao walivamia mahekalu ya Wabudha na hata ya Confucius. Anamlaumu kwamba alipoulizwa umri wake alijifanya haujui. Shutuma hii ya mwisho inanigusa, kwa sababu ikiwa ni kweli, basi mtu aliyekataa uongo wa dawa aliuacha uongo wa miaka 300 ujiendee wenyewe.

Chucai hakuwa shahidi asiye na upande, na watafiti wengi humsoma kwa tahadhari. Lakini shutuma ya mahekalu ilikuwa na ukweli. Katika nchi iliyojaa majengo yaliyoachwa, watu wa Quanzhen walihamia, wakakarabati, wakakaa. Mengine yalikuwa ya Wabudha waliokufa au kukimbia, na waliporudi walimkuta Laozi madhabahuni.

Tena Chucai alikuwa na njia yake ya kuokoa watu, na kulinganisha njia hizi mbili kunafundisha kuliko kugombana juu ya nani alikuwa mwema. Chini ya Ögedei, mwana wa Genghis, kulikuwa na wakubwa waliotaka China kaskazini igeuzwe malisho. Chucai akapiga hesabu: ukiwaacha watu hai walime na wafanye biashara, utapata kila mwaka wakia 500,000 za fedha, majora 80,000 ya hariri na zaidi ya magunia 400,000 ya nafaka. Ögedei akakubali, na mapato yakaja kweli. Qiu aliwaokoa watu kwa kuwatoa katika daftari la kodi. Chucai aliwaokoa kwa kuwaandika ndani yake. Mimi naona Chucai aliokoa wengi zaidi, na kwa njia iliyodumu zaidi, kwa sababu alimpa mtawala sababu ya kuwahitaji watu wote, si kundi moja. Lakini Chucai alikuwa ofisa mwenye kalamu na daftari. Qiu alikuwa na wafuasi tu, akawaombea wafuasi.

Qiu alifariki Beijing Agosti 1227, siku chache tu mbali na kifo cha khan mwenyewe. Madhehebu yake yalikuwa yanapaa. Mwaka 1244 yalikamilisha kuchapa maktaba nzima ya vitabu vya Kidao, kazi kubwa ambayo hakuna dola iliyoigharamia. Mwaka 1238 uongozi ulimfikia yule kijana aliyeandika safari, Li Zhichang, ambaye sasa alikuwa mtu mzima wa makamo, anayejulikana na kuheshimiwa kambini kwa khan.

Na hapa nina lawama, na ninaitamka wazi. Li mwenyewe aliandika jinsi mzee alivyokataa ng'ombe na farasi. Alijua kwamba nguvu ya Qiu ilianzia kwa watu wasiokuwa na chochote. Lakini chini yake Quanzhen ilianza kuishi kana kwamba hati ya 1223 ni hatimiliki. Mahekalu yaliyodaiwa hayakurudishwa. Kitabu cha zamani kilichosimulia kwamba Laozi alikwenda magharibi akawafundisha Wahindi, na kwamba Buddha ni tunda la kazi yake, kikasambazwa upya kwa michoro. Wabudha walikasirika kwa haki. Na wakati huo Wabudha walikuwa na wasikilizaji wengi kwenye kasri kuliko zamani, kwa sababu nyumba ya khan ilikuwa inaelekea Ubudha wa Tibet.

Mwaka 1255 Li aliitwa mbele ya Möngke Khan, mjukuu wa Genghis, kujibu mashtaka ya Fuyu, abati wa Shaolin. Hakuwa na la kujibu. Alifariki mwaka uliofuata. Mwaka 1258 Khubilai, ndugu mdogo wa Möngke, aliendesha mjadala mkubwa huko Kaiping, na upande wa Wabudha alikuwepo Phagspa, Mtibeti wa miaka 23. Wadao 17 walishindwa, wakanyolewa nywele na kufanywa watawa wa Kibudha. Mahekalu 237 yaliamriwa kurudishwa, na vile vitabu vya Laozi na Wahindi vichomwe. Mwaka 1269 Khubilai huyohuyo aliwapa wanafunzi saba wa Wang Chongyang, Qiu akiwemo, vyeo vipya vya heshima. Mwaka 1281 akaamuru vitabu vyote vya Kidao vichomwe isipokuwa Daodejing, kitabu kinachohusishwa na Laozi, na mbao za kuchapia za ile maktaba ya 1244 zikaingia motoni.

Quanzhen haikufa. Mwaka 1656, chini ya nasaba nyingine, Wang Changyue aliwapa watawa viapo hadharani katika monasteri ya Baiyun Guan, Beijing, mahali alipozikwa Qiu, na wengi wa watawa wa Kidao wa China ya leo wanajihesabu kuwa wa ukoo wa Longmen, unaobeba jina la mlima alikokaa miaka saba. Hati za khan hazikuwa na nguvu tena kwa yeyote kati yao. Kila mwaka, siku ya 19 ya mwezi wa kwanza wa kalenda ya Kichina, watu wa kawaida wa Beijing huja kwenye monasteri hiyo kusherehekea siku yake ya kuzaliwa.